Swali Moja Ndani ya Basi la Gander

Muhula uliopita chama chetu kilikutana jioni moja kutazama rekodi ya tamthilia ya muziki. Kulikuwa na sambusa, chai ya maziwa kwenye chupa mbili, na kompyuta iliyogoma kuonyesha picha ukutani kwa dakika ishirini nzima. Tuseme kweli: wengi wetu tulivutwa na sambusa. Come From Away tulikuwa tunaijua kwa jina tu, maana kwa miaka kadhaa mabango yake yalikuwa yanatukodolea macho kila tulipopita King Street.

Tamthilia ilipofika kwenye sehemu ya mabasi, usiku, abiria wawili Waafrika wakaanza kunong'onezana kwa woga. Vicheko vya chumbani vikakatika. Mtu mmoja kule nyuma akapiga kelele, "Rudisheni! Rudisheni hapo!" Tukarudisha. Masikio hayakutudanganya. Lilikuwa swali la Kiswahili: walitaka kujua wanapelekwa wapi.

Tuliirudisha sehemu ile mara nne. Chai ikapoa. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiulizana nani aliyekiweka Kiswahili pale, kwa nini, na watu walioiandika tamthilia hiyo walifikaje mahali pa kuweza kufanya hivyo.

Kwanza kisa chenyewe, kwa wale ambao hawakuwepo jioni ile. Tarehe 11 Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya Marekani, anga ya nchi ile ilifungwa, na ndege 38 zilizokuwa safarini zikaelekezwa kutua Gander, mji mdogo wa Newfoundland wenye wakazi wasiofika 10,000. Waliteremka abiria karibu 7,000. Kwa siku tano hivi shule, makanisa na kumbi za Gander na vijiji vya jirani ziligeuka mabweni. Wenyeji waliwapikia wageni wasiowajua, wakawapa mablanketi, wakawaruhusu kuoga majumbani mwao. Jina la tamthilia ni usemi wa Newfoundland wa kumtaja asiyezaliwa kisiwani. Pwani yetu nako mtu huyo ana jina lake: mtu wa kuja.

Walioiandika ni mke na mume wa hapa Toronto, Irene Sankoff na David Hein. Katika tamthilia ya muziki kuna kazi tatu ambazo mara nyingi hugawanywa kwa watu watatu: kuandika mazungumzo na mtiririko wa kisa, kuandika maneno ya nyimbo, na kutunga muziki. Hawa wawili walizifanya zote tatu pamoja, mezani kwao. Sankoff alisomea uigizaji, Hein alikuwa mwanamuziki mwenye gitaa na nyimbo zake mwenyewe, na wote wawili wamewahi kupanda jukwaani katika kazi waliyoiandika wenyewe.

Walifahamiana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha York, kaskazini mwa jiji hili. (Wanachama wetu wa York wametuomba tuliandike hilo kwa herufi kubwa. Tumekataa.) Siku ya mashambulizi walikuwa New York, wakiishi katika International House, nyumba ya wanafunzi wa shahada za juu kutoka kila pembe ya dunia. Binamu yake Hein alikuwa akifanya kazi katika majengo yaliyoanguka, akatoka salama. Wamesimulia jinsi wakazi wa nyumba ile, watu wa lugha chungu nzima, walivyokusanyika jioni ile kwenye piano na kuimba, kwa sababu hakuna aliyejua la kusema. Ukiitazama tamthilia yao huku ukikumbuka piano ile, unaona kwamba walianza kuiandika muda mrefu kabla ya kufika Gander.

Lakini umaarufu haukuanzia Gander. Ulianzia mwaka 2009 katika tamasha la Fringe la Toronto, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kuna wenzetu ndani ya chama ambao jambo hili linawahusu moja kwa moja.

Fringe hufanyika kila Julai tangu 1989. Uzuri wake ni kwamba hakuna kamati ya mabingwa inayokaa na kuamua nani ana kipaji na nani hana. Vikundi vinaomba, kisha bahati nasibu inachezwa. Jina lako likitoka unalipa ada, unapewa ukumbi na ratiba ya maonyesho. Mengine yote ni juu yako: kutafuta waigizaji, kushona mavazi, kusimama foleni ya watu wa onyesho jingine ukigawa vikaratasi vya onyesho lako. Ndiyo njia iliyopitiwa pia na The Drowsy Chaperone, iliyozaliwa Toronto mwaka 1998 kama kichekesho cha sherehe ya kuwaaga ukapera Bob Martin na mchumba wake, ikaingia Fringe mwaka uliofuata, na mwaka 2006 ikafika Broadway huku Martin mwenyewe akiigiza. Kwa hiyo mtu asikwambie Fringe ni mchezo wa watoto.

Sankoff na Hein waliingia na tamthilia yenye jina refu ambalo tunaliacha lilivyo: My Mother's Lesbian Jewish Wiccan Wedding. Ni kisa cha kweli cha mama yake Hein na ndoa yake na mwanamke mwenzake, na Hein alipanda jukwaani akajiigiza mwenyewe. Watu walijipanga hadi barabarani. Mwaka huohuo kampuni ya Mirvish ikaihamishia kwenye ukumbi mkubwa zaidi wa Yonge Street, na mwaka 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la tamthilia za muziki la New York. Somo walilolipata pale, kwa maoni yetu, ndilo lililowabeba baadaye: chukua kisa cha watu halisi, wasikilize vizuri, usiwapambe kupita kiasi.

Wazo la Gander halikuwa lao. Lilikuwa la Michael Rubinoff, mwanasheria aliyegeuka mtayarishaji wa tamthilia, aliyekuwa Chuo cha Sheridan kule Oakville. Alikuwa amelipeleka kwa waandishi wengine, wakamkatalia. Pengine hata sisi tungekataa. Tamthilia yenye nyimbo na dansi kuhusu Septemba 11? Nani angethubutu kuwauzia watu tiketi? Sankoff na Hein walikubali. Septemba 2011, wenyeji na abiria wa zamani walipokutana tena kuadhimisha miaka kumi, wawili hawa walikwenda Gander na kukaa wiki kadhaa wakiwahoji watu. Waliorudi nacho ni saa nyingi mno za mazungumzo, na kazi kubwa iliyobaki ilikuwa ya kukata. Watu wengi wa jukwaani wametokana na watu wawili au watatu halisi walioshonwa kuwa mmoja.

Sheridan iliwapa wanafunzi wake kuwa waigizaji wa kwanza. Mwaka 2012 ilifanywa warsha ya sehemu ya tamthilia tu. Mwaka uliofuata wanafunzi wakaigiza yote. Baada ya hapo ilizunguka Marekani kwa miaka: La Jolla na Seattle mwaka 2015, Washington mwaka 2016. Oktoba 2016 waliipeleka Gander kwenyewe, kwenye uwanja wa mpira wa barafu, mbele ya watu waliokuwa wakiwaona waigizaji wakiwa wao. Mwezi uliofuata ikaingia Royal Alexandra hapa Toronto. Tarehe 12 Machi 2017 ilifunguliwa rasmi Broadway, ikapata mapendekezo saba ya tuzo ya Tony, na Christopher Ashley akashinda ya uongozaji. Ilipofungwa Oktoba 2022 ilikuwa imeonyeshwa karibu mara 1,670, idadi ambayo hakuna tamthilia ya muziki ya Kanada iliyowahi kuikaribia kule.

Sasa turudi ndani ya basi.

Waigizaji wa Come From Away ni 12 tu, nao wanaigiza mji mzima pamoja na abiria wa ndege zote. Hakuna mapazia wala majumba ya mbao. Kuna viti. Viti vikipangwa hivi ni ndege, vikigeuzwa ni baa, vikisogezwa ni basi. Mwigizaji anavua koti, anavaa kofia, na hapohapo amekuwa mtu mwingine. Katika mpango wa namna hii sauti ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mtazamaji anajua kwamba mwigizaji yule sasa ni mtu mwingine kwa sababu lafudhi imebadilika. Na anajua kwamba watu wawili waliokaa pale si wa huku kwa sababu wanaongea lugha ambayo yeye haielewi.

Hiyo ndiyo kazi ambayo Kiswahili kimepewa. Mwandishi anataka ukumbi mzima ukae kwenye kiti cha dereva wa basi: ni usiku, barabara imezungukwa na msitu, nyuma yako kuna watu wamejaa hofu na huwezi kuwauliza neno. Ili hali hiyo ifanye kazi, lugha ya abiria lazima iwe kelele tupu masikioni mwa watazamaji. Kiswahili kilichaguliwa ili kisieleweke.

Hapo ndipo sisi tulipoharibu mpango. Katika chumba chetu asiyeelewa alikuwa dereva peke yake.

Basi linafika. Nje kunawasubiri watu waliovaa sare. Ni Jeshi la Wokovu, na kila mtazamaji wa Kanada anajua kwamba hao ni watu wa supu na mablanketi. Wale abiria wawili hawajui. Wanachokiona ni sare gizani, nao wanakataa kushuka. Ukumbini, sehemu hii huchukuliwa kama hali ya kusikitisha kidogo, kutoelewana kwa watu wema. Mwenzetu mmoja ambaye wazazi wake walitoka Kivu Kusini hakuiona hivyo. Alisema, bila kupandisha sauti, "Mama yangu naye asingeshuka." Kwa watu fulani basi la usiku, msitu na sare ni vitu vitatu ambavyo havihitaji mkalimani. Kumbe jina lenyewe halisaidii hata likitafsiriwa: kwa Kiswahili nalo ni jeshi.

Kinachofuata ndicho kilichotufanya tuwaheshimu waandishi hawa. Dereva anaona kwamba mwanamke ameshika Biblia. Hawezi kuisoma, maana si ya Kiingereza. Lakini anakumbuka jambo ambalo kila mtoto aliyepitia shule ya Jumapili analijua bila kulifikiria: sura na aya zina nambari zilezile katika lugha zote. Anaichukua, anapekua hadi Waraka kwa Wafilipi, sura ya 4, aya ya 6, mahali Paulo anapowaambia watu wasihangaike, na anaweka kidole. Wanasoma. Wanashuka.

Tumeijadili sana hila hii. Walimu wetu wa tafsiri wanapenda kutukumbusha kwamba hakuna neno linalovuka mpaka bila kulipa ushuru. Nambari huvuka bure. Dereva hakutafsiri chochote. Alitafuta mahali ambapo tafsiri ilikwisha kufanywa na watu wengine, zamani, kwa kazi nzito, akapaonyesha kwa kidole. Tukiwa wanafunzi wa Kiswahili tunajua kazi ile ni nzito kiasi gani. Kuna watu waliokaa miaka wakibishana neno moja mpaka Biblia ya Kiswahili ikapatikana, na sehemu ya faida ya ubishi wao imekuja kuvunwa na dereva wa basi jukwaani.

Hata hivyo si kwamba tuliridhika na kila kitu. Wapo kati yetu walionung'unika kwamba hiki ndicho kiasi cha Kiswahili ambacho ukumbi mkubwa wa Toronto huweza kustahimili: sentensi chache za watu wenye hofu. Kabla ya hapo, kuanzia 2000 hadi mwanzoni mwa 2004, The Lion King ilikuwa ikionyeshwa katika Princess of Wales, hatua chache tu kutoka Royal Alexandra, na kwa muda wote huo jiji hili lilijifunza maneno kama simba, rafiki na ule msemo wa kukosa shida ambao watalii hutuimbia mpaka leo. Pale Kiswahili ni pambo: majina ya wanyama na wimbo wa kuchangamsha. Kwenye basi la Gander angalau kinabeba jambo. Mtu anauliza swali la kweli na anahitaji jibu. Tofauti hiyo kwetu si ndogo, ingawa wenzetu waliotaka zaidi hawakukosea kutaka.

Kuna na suala la matamshi. Mwigizaji wa Kanada au Uingereza aliyepewa nafasi hii huenda hajawahi kutamka neno la Kiswahili maishani. Anakabidhiwa kitenzi kirefu chenye viambishi vimepangana mbele kama mabehewa, naye anatafuta mahali pa kutia mkazo. Kiingereza hutia mkazo popote kinapotaka. Chetu ni silabi ya pili kutoka mwisho, na kitenzi kikirefuka mkazo unahama nacho. Ukiukosea, hofu yote inapotea, na kwa sikio linalojua anabaki mtu anayesoma bango la hospitali. Hii ni kazi, na watu hulipwa kuifanya: mkufunzi wa lugha na lafudhi hukaa kwenye mazoezi akisahihisha silabi moja moja. Tunalitaja kwa makusudi. Kati yetu wapo wanaodhani cheti cha Kiswahili kinafungua mlango wa ualimu na ukalimani wa mahakamani tu.

Ila tusiendelee kana kwamba tamthilia ya muziki ni kitu cha Wazungu ambacho sisi tunakodishwa sentensi mbili ndani yake. Eric Wainaina wa Kenya alisomea muziki Berklee, Boston, akarudi Nairobi. Wengi wanamjua kwa wimbo wake wa kukemea rushwa. Aliandika na kutunga Mo Faya, tamthilia ya muziki kuhusu mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda wa Nairobi, watu wakitishiwa kunyang'anywa makazi yao, na yeye mwenyewe akaigiza mtangazaji huyo. Mwaka 2009 Mo Faya ilionyeshwa katika lilelile tamasha la New York ambalo mwaka mmoja baadaye liliwapokea Sankoff na Hein na harusi ya mama. Watu wa Toronto na mtu wa Nairobi walipitia mlango mmoja, mwaka mmoja tu ukiwatenganisha. Mwaka 2018 Wainaina alirudi jijini humo na tamthilia ya muziki ya Tinga Tinga Tales, hadithi zetu za wanyama.

Na hapa hapa Toronto, kampuni ya Obsidian, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kazi za jukwaani za Weusi wa Kanada, mwaka 2020 ilianza kuongozwa na Mumbi Tindyebwa Otu, mwongozaji mwenye asili ya Kenya. Tulipokuwa tukiandaa makala haya, wanachama watatu walikiri kwamba hawakuwa wakilijua jina lake. Tunaliandika hapa ili mwaka ujao asipatikane hata mmoja.

Tusifiche upande wa pili, maana kuna wazazi wanaosoma gazeti hili. Kati ya foleni za Fringe na usiku wa kwanza wa Broadway ilipita miaka minane kasoro, na katika muda huo kulikuwa na kazi za kando, maombi ya ruzuku na muswada uliokatwa na kuandikwa upya mara nyingi. Hata baada ya kufanikiwa, mambo hayakutulia. Kikundi cha Toronto, kilichoanza 2018, kilisimamishwa na korona Machi 2020. Kikarudi Royal Alexandra katikati ya Desemba 2021, baada ya miezi 21. Kikaonyesha wiki moja hivi, wimbi jipya la ugonjwa likaja, na kabla ya mwaka kuisha ikatangazwa kwamba hakitarudi tena. Waigizaji waliokuwa wamesubiri karibu miaka miwili walivaa koti na kofia zile siku chache tu, wakavua.

Mwenzetu yule wa Kivu Kusini anasomea uuguzi, mwaka wa tatu. Miezi miwili baada ya jioni ya sambusa alitutumia kurasa kumi na moja. Ni basi lilelile, usiku uleule, lakini kisa kinasimuliwa kutoka viti vya nyuma. Abiria wanaongea Kiswahili cha kwao, cha Uvira, tangu mwanzo hadi mwisho, na dereva ndiye anayetoa sauti zisizoeleweka. Nyimbo ziko mbili; ya pili haina mwisho bado. Nyumbani hajawaambia. Ombi la Fringe ameshalijaza, ada tumechangishana, na kinachosubiriwa sasa ni bahati nasibu.

Alhamisi saa kumi na moja jioni tutazisoma kurasa hizo kwa sauti katika chumba chetu cha kawaida. Zinahitajika sauti nane, na mtu mmoja anayeweza kupiga ngoma bila kuwaudhi majirani wa ghorofa ya chini. Sambusa zitakuwepo.